Mume, Fundi na Ukuta

Siku yangu ya kwanza ya kufundisha, pale Kasenga, nilieleza shairi hata kabla ya kulisoma. Prefe, mkuu wetu wa shule, alikuwa amekaa nyuma ya darasa. Tulipotoka akaniambia: «Madamu, umewatafunia, ukawamezea. Shairi la namna hii ni muntu mmoja anasema peke yake. Uliza kwanza anamwambia nani, halafu anaficha nini.» Niliudhika, lakini nilifuata.

Shairi lenyewe lilihusu mume tajiri. Anamwagiza fundi aongeze kimo cha ukuta wa nyumba, kwa sababu mkewe anasalimia kila mpita njia. Mke hatumsikii, fundi hajibu neno. Mume anajiita mlinzi, kumbe ukimsikiliza vizuri, anaogopa kicheko cha mkewe! Muntu asiye na kitu, wivu ungemkosesha usingizi tu. Huyu ana kiwanja na mdomo wa kuamuru, basi wivu wake unageuka matofali. Kuchambua ndiko huko: kusikia jambo ambalo msemaji hakutaka kulisema.

Kila mwaka wavulana walimpigia mume makofi. «Huyu iko mwanaume ya kweli!» Jamani, nilikuwa nakasirika mpaka chaki inanivunjikia mkononi.

Baadaye wakubwa walinihamishia Makobola. Huko nilimfundisha Riziki, binti wa darasa la mwisho, mwepesi wa kuelewa na mcheshi ajabu. Mchumba wake, kijana mwenye pikipiki ya kubeba abiria, alitaka aache shule kabla ya ekzetat, mtihani wa taifa. Eti anachekacheka na wavulana. Baba yake Riziki, fundi mwashi, alikuwa amekubali, na asubuhi moja alikuja kumtoa darasani. Mtoto alianza kukusanya madaftari yake huku analia.

«Muzee, karibu, kaa kwanza,» nikasema. «Tumalize shairi letu la ukuta.»

Akakaa, kofia magotini. Nikampa Riziki asome, akasoma mpaka mwisho. Nikauliza: «Nani ana nguvu hapa?»

«Mume!» darasa likajibu.

«Na fundi je?»

Mara baba akainua mkono kama mwanafunzi. Wavulana wakacheka, nikawakemea.

«Minye iko fundi,» akasema. «Huyo bwana hata mwiko hajui kushika. Fundi akikataa, ukuta itatoka wapi?» Kisha akamgeukia mtoto wake. «Riziki, rudisha madaftari juu ya meza.» Akatoka.

Sasa nimestaafu, nakaa Rugenge, magoti yananisumbua. Riziki alifaulu ekzetat, leo ni muuguzi, na kicheko chake wagonjwa wanakisikia kabla hajaingia chumbani. Walimu vijana wanakuja kuniuliza: Mama, mashairi yanasaidia nini katika nchi yenye shida hizi? Nawaambia tu nilichokisikia dirishani siku ile, baba alipofika getini ambako mchumba alikuwa anangoja, pikipiki ikinguruma.

«Baba, iko wapi Riziki?»

«Iko na masomo.»

«Lakini tulipatana, minye na weye!»

«Tulipatana, ndiyo. Hiyo kazi nimeikataa.»