Mteja Aliyetaka Taa Zimwonyeshe Mdomo wa Mkewe

"Fundi, mimi nikikaa hapa na mke wangu akakaa pale, taa zako zitanionyesha mdomo wake?"

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Mdomo, mzee?"

"Mdomo. Niuone wote, hata akiinama."

Jamani, nimefunga taa nyumba nyingi. Kuna wanaotaka sebule ing'ae kama duka la vito, kuna wanaotaka mwanga wa mahaba. Huyu alitaka mdomo.

Alikuwa mkalimani wa mahakamani, mtu wa suti, mpole wa kuogopesha. Nilimweleza mpango wangu: taa ndogo za kuzama darini, zisambae, sebule nzima ipate mwanga. Akanikalisha kitini mbele ya kioo cha ukutani, akawasha tochi ya simu, akanimulika kutoka utosini.

"Umeona? Pua inatia kivuli mdomoni. Sitaki. Panga upya."

Mkewe alikuwa mlangoni, anapangusa mikono iliyokwisha kukauka zamani. Mume alipotoka kwenda kuzima swichi kubwa, mama huyo akanijia mbio.

"Mdogo wangu, nakuomba, weka taa hafifu."

"Kwani kuna nini, dada?"

"Ananichunguza. Siku hizi nikiongea ananikodolea mdomo kama mimi shahidi wa uongo. Nikimpa mgongo, hanijibu. Nikirudia, anafoka. Sasa anataka na taa zimsaidie!" Akachungulia mlangoni. "Nimeshafunga begi. Akirudi kazini mchana huu, naondoka."

Akili ikaniambia, kusanya bisibisi zako, mambo ya mke na mume hayakuhusu. Lakini mume alisharudi, akaketi kwenye kochi, gazeti mkononi, kanipa kisogo.

Nikapanda ngazi kuitoa taa yao ya zamani, lidude la chuma na vioo, zito kama mtungi wa gesi. Nikalegeza skrubu ya kwanza tu, ndoano ikang'oka darini na lipande la plasta. Taa yote ikabaki kwenye mkono wangu mmoja.

"Mzee, ondoka hapo!"

Hakutikisika.

"Mzee! Taa inaanguka! Toka!"

Akafunua ukurasa mwingine. Taratibu kabisa.

Vidole vilianza kuteleza. Nilipiga yowe la kuamsha mtaa. Mkewe akachomoka jikoni, akamkwida kola, wakabwagika wote wawili zuliani. Taa ikatua palepale alipokuwa amekaa. Vioo vikaruka kila upande.

Mume akainuka amefura. "Una wazimu? Unanivuta kama..." Akaliona kochi.

Mkewe akazunguka nyuma yake.

"Baba Pacha," akaita.

Hakugeuka.

"Baba Pacha, mimi leo nakuacha."

Mwanaume anatazama vioo tu.

Nilishuka ngazi. Mama wa watu akamshika mabega, akamgeuza.

"Husikii?"

Akautazama mdomo wake. Kisha yule mtu wa suti akaangua kilio.

"Sikio la kushoto lilitangulia. La kulia likafuata. Ninasoma midomo. Nilitaka angalau humu ndani nikuelewe, usijue."

Nikadhani mkewe atamkumbatia. Wapi!

"Na mahakamani?"

Akainamisha kichwa. Mkewe akamwinua kidevu.

"Nakuuliza, mahakamani unatafsiri nini?"

"Ninachokiona midomoni. Kingine... nakisia."

Watu wanafungwa kwa maneno yale!

"Vaa koti," mkewe akasema, neno moja moja. "Tunakwenda kwa hakimu sasa hivi. Utasema mwenyewe. Ukikataa, nitasema mimi."

Walitoka wameshikana mikono, wakaniacha nafagia.

Kazi ile alivuliwa, na kesi kadhaa zikasikilizwa upya. Kuna mama mmoja aliachiwa huru. Alikuwa amesema "sikumpiga", ikatafsiriwa "nilimpiga".

Sebule yao niliipanga upya. Taa nilizielekeza kwenye kuta na dari, mwanga ukarudi laini, kila uso ukaonekana bila kivuli. Sasa wanajifunza lugha ya alama, wanacheka wakikosea.

Ndugu yangu, mwenzako akibadilika, muulize kabla hujamhukumu. Na wewe unayeficha udhaifu wako kwa aibu, jiulize ni nani anayeumia huko nje wakati unajisitiri.