Mwalimu Radi alipoishiwa sauti

Saa mbili asubuhi mwalimu wa Jiografia anaingia darasani bila kusema neno. Anagonga ubao kwa kifundo cha kidole. Wanafunzi sitini na wanane wanatulia. Anachomeka waya wa projekta, anavuta shuka kuukuu linalotumika kama pazia, kisha anamwonyesha msichana mmoja kwa kidole: haya, njoo.

Ni zamu ya binti wa fundi cherehani. Video yake inahusu mmomonyoko wa udongo.

Mwalimu huyu bado anaitwa Radi, ingawa hangurumi tena. "Alikuwa akifundisha darasa moja, yanasikia matatu," anasema mkewe huku akicheka. "Mwalimu wa Hesabu wa chumba cha pili aliniambia amejua mito yote ya dunia bila kupenda."

Mwaka juzi sauti ilianza kukwaruza. Radi akadhani ni mafua, akanywa tangawizi, akaendelea. Siku moja ikamkatikia katikati ya somo. Daktari alikuta vinundu kooni, akamfanyia upasuaji na kumwonya: azungumze kidogo, na asipaze sauti tena.

Mkuu wa shule akampeleka stoo ya vitabu. "Vitabu havina maswali," anasema Radi kwa sauti ya chini, akipumzika kila baada ya sentensi. "Nilikuwa naumia."

Aliyemtoa huko ni bintiye, mwanafunzi wa ukunga. Chuoni kwao huwasilisha kazi kwa video wanazotengeneza mtandaoni. Likizoni aliketi na baba yake mezani, akamfundisha kuchagua mpangilio ulio tayari, kuweka picha na maandishi, kisha kurekodi maelezo.

"Baba mbishi! Aliniambia, 'Mwanangu, hizi ni katuni,'" anakumbuka. "Wiki iliyofuata, kila nikishika simu nakuta ujumbe wake: hapa nabonyeza wapi?"

Radi aliomba arudishiwe darasa moja. Akapewa, kwa muhula mmoja wa majaribio.

Mwanzo ulikuwa wa aibu. Wanafunzi, walioambiwa sasa watengeneze video za somo wao wenyewe, waligombania kompyuta nne zinazowaka, wakaiachia programu iwasomee maandishi. Sauti ya mashine ikatamka "mmomonyoko" kama mtu anayetafuna kokoto. Darasa likaangua kicheko, na mkuu wa shule, aliyekuja kukagua, akatoka nje. Picha nazo zilikuwa za milima ya ng'ambo.

"Kicheko hakikuniuma," anasema Radi. "Kilichoniuma ni watoto wenye makoo mazima kuazima sauti ya mashine."

Kesho yake aliandika ubaoni masharti mawili: picha upige mwenyewe, maelezo useme mwenyewe. Wasio na simu wangetumia yake, kwa zamu.

Ndivyo binti wa fundi cherehani alivyoshuka kwenye korongo lililo nyuma ya nyumba yao, simu ya mama yake mkononi. Ni msichana ambaye akiulizwa swali huangalia viatu. Kwenye video anasikika akisema: "Hapa palikuwa na choo chetu. Pale bibi alikuwa anaanika nguo. Mvua zikirudi, itakuwa zamu ya jiko."

Hakuna anayecheka. Video inakwisha, na kijana wa nyuma ananyoosha mkono. "Sasa nyinyi mtafanyaje?"

Msichana anamgeukia mwalimu. Radi anatikisa kichwa na kumpungia mkono: jibu wewe.

Msichana anasema, "Baba ameanza kupanga mawe. Lakini mawe peke yake hayatoshi. Inabidi tupande nyasi, na majirani wa juu wasielekeze maji yao kwetu." Mikono inaongezeka. Wanabishana mpaka kengele inalia.

Mkuu wa shule anakiri kwamba hakutegemea haya. "Umeme unakatika, mtandao unasuasua, sikatai. Lakini stoo nimeshampa mtu mwingine."

Jumamosi ijayo darasa litakwenda kupanda nyasi kwenye korongo hilo. Na mwisho wa mwaka Radi anataka kuwaalika wazazi, wazione video, kisha azime projekta na kila mwanafunzi asimame azungumze bila msaada wowote.

"Video ni kama mkongojo wa mgonjwa," anasema. "Miguu ikipata nguvu, unauweka kando."

Na yeye siku hiyo atasema nini?

"Mimi?" Anatabasamu. "Nitakaa nyuma na wazazi, nisikilize."