Soma Barua Kabla ya Kukata Stempu

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, nilipoikata barua ya watu kwa sababu ya stempu. Nilikuwa darasa la pili, hapa hapa Tabora. Idi ilikuwa inakaribia, nami nilitaka kumpelekea mwalimu wangu kadi ambayo hakuna mtoto mwingine angekuwa nayo. Rangi sikuwa nazo, basi nikawa nasaka stempu kama kuku asakavyo mchwa.

Siku hiyo ikaja barua kutoka Bujumbura, aliyoandikiwa Bibi, mama yake baba, tuliyeishi naye. Ilikuwa ile karatasi ya buluu inayoandikwa ndani kisha ikakunjwa ikawa bahasha yenyewe. Kwenye stempu amekaa ndege mwekundu mwenye mkia mrefu, mzuri mno. Bibi alisoma hati za Kiarabu bila shida, lakini kwa herufi hizi zetu za shule alimsubiri baba arudi kutoka kwenye useremala wake. Akaiweka barua juu ya kabati, akaenda kutawadha. Nami nikachukua mkasi. Nikakata kwa ustadi kabisa (kujisifu si vizuri, lakini mkasi haukwenda kombo), nikambandika ndege kwenye kadi kwa uji wa muhogo.

Wasemao majuto ni mjukuu walinikusudia mimi.

Jioni baba akaifungua. Ilitoka kwa mdogo wake, baba mdogo Hamisi, aliyekataa mke aliyechaguliwa na Bibi, akaondoka nyumbani bila kuaga. Miaka mingi hakuwa ameandika. "Mama," baba alisoma, "nitapita Tabora kwa treni itokayo Kigoma siku ya..." Akaigeuza karatasi. Palikuwa na tundu. Akaendelea chini yake: "Nikikuona stesheni nitateremka. Nisipokuona nitajua hujaniridhia, nami nitapitiliza hadi Dar es Salaam, sitakusumbua tena."

Nikaileta kadi nikilia. Baba akabandua stempu. Nyuma yake wino ulikuwa umeyeyukia kwenye uji, haisomeki hata herufi moja. Akainua mkono kunichapa. Bibi akamzuia.

"Muache," alisema. "Mjukuu wangu, ndege umemuona, mtu aliyemtuma hukumuona. Basi tutakwenda kumpokea, mimi na wewe, mpaka aje."

Kuanzia hapo kila treni ya Kigoma ilipoingia, ilitukuta stesheni. Ya kwanza, watu waliteremka na matenga yao ya dagaa, Hamisi hayumo. Ya pili, hayumo. Bibi hakunigombeza hata mara moja, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Nilihofia kwamba alikuwamo, hakutuona katika msongamano ule, akaenda zake na uchungu wake.

Ya tatu ikapiga honi ya kuondoka, na hakuna aliyekuja kwetu. Bibi yangu, mtu wa heshima zake, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti mbele za watu, akajitanda kanga vizuri, akaanza kutembea kando ya mabehewa akiita, "Hamisi! Mama yako niko hapa! Nimekuridhia mwanangu, teremka!" Nami nikaita nyuma yake. Watu wakacheka, wengine wakatusaidia kuita. Kwenye behewa la mwisho mwanamume mmoja akainua uso, machozi yanamtoka. Alikuwa ameogopa hata kuchungulia dirishani; akateremka na mzigo wake.

Baada ya Idi, Bibi akaniletea barua zake za zamani na bakuli la maji ya uvuguvugu. "Hizi zimeshasomwa," akasema. "Sasa kata." Akataka niache ukingo wa karatasi, niloweke, nisivute, nisubiri stempu iachie yenyewe, niilaze kifudifudi kitambaani, kisha niikandamize kwa ubao wa baba. Kadi ya kwanza tuliyotengeneza pamoja ilikwenda Bujumbura, kwa mke ambaye Hamisi alijichagulia mwenyewe.

Mwanangu, ninyi mnaokuja barazani kwangu Ipuli kuniomba stempu za kadi na mapambo, siwanyimi. Mnafanya jambo zuri. Siku hizi barua hazitumwi, na stempu zilizobaki zinaliwa na mende kwenye masanduku ya wazee. Zitoeni. Kata ndege, kata twiga, panga rangi upendavyo, uwape watu furaha. Ila kwanza kaa na mwenye barua, muulize ilitoka kwa nani, msomee hadi neno la mwisho. Akikuambia hii usiiguse, iache, hata ikiwa ndiyo nzuri kuliko zote. Na ukikosea, maana utakosea, usijifiche. Toka ukalitengeneze kosa lako kwa miguu yako mwenyewe. Radhi ni bora kuliko mali.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako, akupe jicho la kuona uzuri na subira ya kuuliza, na asiwepo mpendwa wako atakayepita mlangoni kwako akidhani hujamridhia. Amina.