Kaka Aliandika ACHA

Kaka yangu alituandikia neno moja kwa kope za macho, na nusura tumzike nalo.

Sogeeni niwasimulie.

Kaka alikuwa fundi wa kompyuta. Ugonjwa wa mishipa ya fahamu ukamwingia taratibu kama unyevu ukutani. Ukaanza na vidole, ukapanda mikono, ukamalizia ulimi.

Akili ikabaki ileile, kali kama wembe.

Kabla mikono haijamwishia nguvu alijitengenezea njia ya kuongea. Kamera ndogo mbele ya uso, programu inayofuata mboni za macho, herufi kwenye skrini. Akiziangalia herufi, kompyuta inasoma kwa sauti.

Sauti yenyewe kama mtu anaongelea ndani ya ndoo. Lakini utani ulikuwa wake mtupu. Nikiingia tu mlangoni, namsikia akimwambia mkewe, "Wifi yako kaja, ficha nyama."

Sasa shida yake ilikuwa moja. Kompyuta yake hakuiwekea mfumo wa kawaida kama watu wengine, aliiwekea Linux ya mafundi. Humo kila programu inajengwa humohumo kwenye mashine kutoka kwenye msimbo wake, yaani yale maandishi ya fundi aliyeitunga, kama mtu anayesaga unga mwenyewe kila akitaka uji.

Na programu zake zina matawi mawili. Kuna la majaribio, vitu vipya, bado vya moto. Na kuna thabiti, vitu vilivyokwisha kupimwa vikatulia.

Kaka alikuwa mtu wa majaribio. Kikiharibika kitu, anakitengeneza kabla hujamaliza kupiga chafya.

Hiyo ni alipokuwa mzima.

Asubuhi moja wifi akanipigia simu. Mimi kazi yangu ni kuchapa barua na kupiga kopi, na kompyuta kidogo naijua, Kaka ndiye aliyenifundisha.

"Njoo," akasema. "Kaka yako hasemi."

Niliwaacha wateja wamesimama na karatasi zao mkononi.

Nilipofika nikaelewa. Mashine ilikuwa imejisasisha yenyewe, kama Kaka alivyoipanga. Ikachukua toleo jipya la programu ya macho, na toleo hilo likagoma kufunguka. Kamera giza. Kaka ananitazama tu.

Na haikuwa siku ya mchezo. Pumzi zilikuwa zinamwishia. Daktari alikuwa anakuja mchana kuchukua jibu: atobolewe koo awekewe bomba la kupumulia, au aachwe aende kwa utulivu. Jibu alilitaka kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, si kwa mke, si kwa dada.

Jana yake Kaka alikuwa amesema, "Nipeni nifikirie."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda, kibodi magotini, skrini ikitutazama sote wawili. Nikajiambia, dawa ni kuirudisha mashine yote kwenye tawi thabiti, tupumzike na haya majaribio.

Nikabadilisha mpangilio. Nikatoa amri.

Ikakataa.

Chini ya programu zote kuna maktaba moja ya msingi, si ya vitabu, ya msimbo. Kila kitu kimesimama juu yake, kama nyumba. Ya Kaka ilikuwa mpya kuliko ile thabiti, na mfumo ukaniandikia waziwazi kwamba hauishushi, kuishusha ni kujiua.

Nikajaribu tena. Ukakataa tena. Nikapekua kwenye simu, nikaona kuna namna ya kuulazimisha.

"Vipi?" wifi akauliza.

"Nalazimisha."

Hapo ndipo Kaka akaanza kupepesa.

Wifi akachukua kile kipande cha boksi walichoandika herufi zamani, kabla ya kamera. Akawa anapitisha kidole, kope ikishuka anaisema herufi. Kazi ya mateso. Kope zenyewe zilishachoka, nyingine zinashuka bila kuamriwa, anarudia, anarudia tena.

A.

C.

H.

A.

Halafu macho yakafumba. Tukamwita. Kimya. Alikuwa amezama usingizini kwa uchovu, kifua kinapanda na kushuka kwa shida.

Wifi akaliweka boksi chini polepole sana.

"Ameshajibu," akasema.

"Wifi, labda tumwulize tena akiamka."

"Unataka nimwulize mume wangu mara ngapi kama anataka kufa?"



Akaenda jikoni. Nikasikia maji ya bomba yakimwagika muda mrefu, wala hakuna chombo kilichokuwa kinaoshwa.

Ile amri ya kulazimisha nilikuwa nimeshaiandika, bado kubonyeza tu. Nikaifuta. Mwenyewe kasema basi, mimi namlazimishia nani?

Nikabaki na tamaa moja. Nimsikie mara moja tena. Hata kama ni kwaheri, aitamke kwa ile sauti yake ya ndoo.

Basi sikuitaka tena mashine yote. Msingi nikauacha ulipo. Kila kilichokuwa kipya kuliko cha tawi thabiti, nikauambia mfumo kibaki hapohapo mpaka tawi thabiti likifikie. Nikashusha kitu kimoja tu, programu ya macho.

Safari hii haikubisha. Ikaanza kujijenga, mistari inapita mbio, feni inaunguruma.

Daktari akabisha hodi mashine bado inasaga.

Wifi akamlaki kwenye mlango wa chumba. "Amesema acha."

Daktari akavua miwani, akaifuta bila sababu. "Nimeelewa, mama." Akaanza kueleza kwa upole dawa za kumtuliza, asihisi kukabwa.

Mimi machozi yananidondokea kwenye kibodi. Taa ya kamera ikawaka.

Sijui ni sauti ya daktari iliyomwamsha au nini. Kaka akafumbua macho. Mboni zikaanza kutembea juu ya herufi.

"Sikumaliza."

Sote tukageukia skrini.

"Acha maktaba ya msingi. Huyu mdogo wangu alikuwa anaiua kompyuta."

Wifi akashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili.

"Na bomba?" akauliza. "Bomba la kupumulia, baba?"

Mboni zikatembea. Herufi kwa herufi. Sijawahi kungoja kitu namna ile.

"Wekeni. Nikiondoka, nani atamzuia huyu asiguse mashine yangu?"

Wifi akacheka, akalia, akamzaba kofi la paja.

"Hilo limeuma," Kaka akasema.

Bomba likawekwa. Mashine nayo, tawi thabiti lilipanda kidogokidogo mpaka likaikuta pale iliposimama. Sasa yote imetulia. Kaka analalamika kwamba inaboa, eti ni kama kuishi kwa wakwe.

Ila wifi bado kuna siku ananiuliza, ingekuwaje kama ile programu ingechelewa kidogo?

Ndugu zangu, sisi hatukuwa wajinga. Tulikuwa na huzuni, na huzuni ina haraka ya kuelewa. Mtu wako akisema neno moja akanyamaza, usimmalizie sentensi kwa hofu yako.

Mngoje mwenyewe afike kwenye nukta.