Ganzi Kabla ya Sindano

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kituo cha afya mjini Mpanda nikiwa na viatu vilivyong'arishwa, nikitarajia koti jeupe na meza. Nilipewa beseni. Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, akasema, "Bwana mdogo, chumba cha vidonda kiko nyuma. Anza na miguu. Ukiumudu mguu wa mtu, kichwa chake atakuletea mwenyewe."

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kozi ya utabibu msaidizi. Majina ya mifupa ya mguu niliyajua yote, lakini mguu wenye usaha sikuwa nimewahi kuushika. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mpakia mizigo wa stesheni ya reli, mtu wa miraba minne, ukucha wa dole gumba umezama nyamani.

Ukucha uliozama ni ugonjwa unaodharauliwa na kila mtu isipokuwa mwenye nao. Ukingo wa ukucha huchoma nyama ya pembeni kama kibanzi. Nyama huvimba, hutoa usaha, kisha huota kinyama chekundu kinachovuja damu kwa kuguswa na shuka tu. Hutokana na kukata kucha kwa kuzungusha pembe badala ya kuzinyoosha, na hutokana na viatu vya kubana. Mpanda hatukukosa viatu vya kubana: gambuti za machimbo ya dhahabu, viatu vya shule alivyoacha kaka, viatu vya kuazima vya harusi.

Mpakia mizigo alinitazama na beseni langu. "Mkubwa," akamwambia Mfawidhi, "huyu ni daktari au ni wa kubeba maji?"

"Ni vyote viwili. Lala."

Mfawidhi alinifundisha huku akifanya. Sindano mbili za ganzi, moja kila upande wa shina la kidole, na dawa iwe ile tupu, isiyochanganywa na ya kubana mishipa. Kisha mpira mwembamba unafungwa kwenye shina ili damu isifiche kazi, na aliyeufunga ndiye aufungue, kabla hajatupa hata pamba. Kisha kusubiri. "Mwenye haraka akauze nyanya," alisema. Baada ya kusubiri unaminya kidole kwa koleo na kuuliza kama anasikia. Akisema hasikii, unapasua ule ukingo wa ukucha kwa urefu hadi kwenye mzizi, unauzungusha na kuutoa, halafu unaugusa mzizi kwa fenoli, dawa inayounguza, ili upande ule usiote tena. Mpakia mizigo hakuona lolote kati ya hayo. Alizimia alipoiona sindano, tukamwinulia miguu na kuendelea.

Alipozinduka, Mfawidhi alimpa maelekezo ambayo niliyakariri kama sala. Mguu uwe juu ya mto siku hiyo. Arudi kubadilishiwa bandeji baada ya siku mbili. Avae ndala, si viatu vya kufunika. Na kila jioni aloweke kidole kwenye maji ya moto yenye chumvi, ya moto kiasi anachoweza kuvumilia.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Ilembo, humohumo mjini Mpanda. Huko mkuu wangu alikuwa Muuguzi Mfawidhi, mama wa Kifipa aliyesema polepole na kusikika mbali. Yeye hakujali sana nilivyokata. Alijali mgonjwa anavyoondoka. Kila mgonjwa alirudia maelekezo yote mbele yake kabla ya kutoka mlangoni, na aliyekosea alirudishwa kwenye benchi kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Nyie matabibu," aliniambia siku moja, "mnakata vizuri, ila mnaaga vibaya."

Nilicheka. Nilipopata uhamisho wa kwenda upande wa Ugalla, safari hii nikiwa mkuu wa zahanati, nilikuwa tabibu wa mikono mizuri, na ile desturi ya mgonjwa kurudia maelekezo niliiacha Ilembo kwa mwenyewe.

Ugalla ni nchi ya misitu na nyuki. Wanaume wengi wanafuga nyuki, na wana adabu yao moja: mtu mzima hasemi ameumwa. Ataumwa na nyuki usoni, jicho lizibe, na ukimuuliza atasema leo nyuki wamemsalimia. Kwa hiyo walipokuja kwangu na vidole vyao vilivyooza ndani ya gambuti, niliwaona ni wagonjwa wepesi. Hawakulia, hawakuvuta mguu. Nao walinisifu. Habari zilienea hadi kwenye mashamba ya tumbaku kwamba daktari wa zahanati ana mkono mwepesi. Niliipenda sifa hiyo kuliko ilivyofaa.

Mzee Magome alikuja na mkewe, Mama Shija. Magome halikuwa jina lake, ila aliitwa hivyo kwa sababu mizinga yake aliitengeneza kwa magome ya miti na kuipandisha mwenyewe juu kabisa, mahali vijana walipokataa kufika. Dole gumba la mguu wa kulia lilikuwa limevimba kama nyanya, usaha unatoka pembeni mwa ukucha.

"Linauma tangu lini, Mzee?"

"Kuuma haliumi. Linanuka tu. Huyu mama kanifukuza kitandani."

"Nimemfukuza ndiyo," alisema Mama Shija. "Na mtungi wa maji anaumaliza peke yake usiku, anakoroma na kuamka, anakunywa tena. Ni mume au ni ng'ombe?"

Wote tulicheka, na mimi zaidi. Kwa mtu wa kazi yangu, maneno hayo mawili yalitosha. Kidole cha namna ile lazima kiume, na mtu anayemaliza mtungi lazima apimwe sukari. Vipimo vya sukari vilikuwa kabatini, vichache, nami nilikuwa nikiwatunzia wajawazito na waliozidiwa. Sikufungua kabati. Nilichukua sindano.

"Itakuchoma kidogo," nilimwambia.

"Choma tu, daktari. Hicho kina ganzi siku nyingi."

Nilidhani ni mizaha ya watu wa nyuki. Nilimchoma upande wa kwanza, akawa anamwangalia kuku dirishani. Nilimchoma wa pili, akamwuliza mkewe kama kuku yule si wao. Nikajiambia, huyu ndiye mwanaume, na mkono wangu ndio mkono. Nilitoa ukingo wa ukucha kwa mara moja, mzima, na mzizi wake. Sijawahi kutoa mwingine safi kama ule. Nikafunga bandeji, nikampa maelekezo mlangoni huku namwita mgonjwa mwingine: mguu juu, ndala, maji ya moto yenye chumvi, kiasi unachoweza kuvumilia.

Siku ya bandeji hakuja. Alikuja baadaye, amebebwa nyuma ya pikipiki, na Mama Shija akifuata kwa nyingine. Nilipofungua kanga waliyomfunga, ngozi ya mguu ilikuwa imetoka kama soksi hadi juu ya kifundo, na dole lilikuwa jeusi.

"Nilimuuliza, baba Shija, si ya moto hayo?" alisema Mama Shija. "Akaniambia daktari kasema kiasi ninachoweza kuvumilia, na mimi navumilia. Mimi nilipoingiza kidole changu nikapiga kelele."

Sukari ilikuwa imeua hisia za miguu yake muda mrefu kabla hajanijia. Mtu wa namna hiyo anaweza kuvumilia maji yanayotokota. Sasa nilifungua kabati. Kipimo kilisoma juu kuliko kilivyoweza kuandika. Tulimpeleka hospitali mjini kwa gari la watu wa asali.

Daktari wa upasuaji aliuangalia mguu kwa muda mrefu. Alikuwa kijana kuliko mimi, na hakupandisha sauti. "Ukucha umetolewa vizuri sana," alisema. "Nani alimpima sukari?"

"Hakupimwa."

"Nilikuuliza nani."

"Mimi sikumpima."

Aliandika kitu, akaenda kuvaa glavu. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Nilipomtembelea wodini, ndugu zake walikuwa wameshakubaliana kwamba ametegewa kitu njiani na mfuga nyuki wa kambi ya jirani, waliyegombania naye miti ya kutundika mizinga. Jina lilikuwa tayari linatajwa. Nilingoja watoke, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mzee, nina neno."

"Sema."

"Hukutegewa na mtu. Una sukari, na ndiyo iliyoua mguu usisikie. Nilitakiwa kuigundua kabla ya kukata. Na ya maji, nilikuelekeza vibaya. Waambie ndugu zako wamwache yule bwana."

Alitazama mahali ambapo blanketi lilikuwa limelala bapa. "Kwa hiyo siku ile niliposema kina ganzi..."

"Ulikuwa unaniambia ugonjwa wako. Mimi nikadhani unanitania."

"Nilikuwa nakutania pia," alisema. Nikasimama kuondoka. Alinishika mkono wa shati. "Usinipe pole. Niambie miti yangu atapanda nani."

Mizinga mingine ilishushwa na wapwa zake, mingine ilibaki huko juu mpaka magome yakaoza.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Niliandika barua kueleza lililotokea, nikapewa onyo, nikabaki kazini. Tangu siku hiyo sikushika kidole cha mtu kabla ya kumwambia afumbe macho na kumgusa kwa uzi wa pamba aseme kama anasikia, na kila mmoja alirudia maelekezo kabla ya kuniaga. Maji niliyaita vuguvugu, na niliwaambia yapimwe kwa kiwiko cha mtu mwingine. Wenzangu vijana waliniona mzito. Foleni yangu ilikuwa ndefu, na ile sifa ya mkono mwepesi ilihamia kwa mwingine. Hivi ndivyo kazi inavyotakiwa kufanywa, na nasikitika kwamba aliyenifundisha alilipa kwa mguu. Siwaandikii vijana wa kazi hii ili wanihurumie. Ukucha uliozama mtautoa vizuri, ni kazi ya asubuhi moja. Lakini mgonjwa ambaye haumwi mahali panapostahili kuuma, msimsifu kwa ujasiri.

Siku hizi nimestaafu, naishi Ilembo. Mzee Magome huja mjini kliniki ya sukari, na akitoka huko bodaboda humshusha kwangu. Hajawahi kusema amenisamehe, nami sijauliza. Mke wangu humpa chai isiyo na sukari, naye hulalamika kwamba ni maji ya kuoshea vyombo. Kisha huegemeza magongo ukutani, huvua kiatu na soksi, na kuweka mguu wa kushoto juu ya stuli.

Huuangalia mimi, kwa kuwa yeye hawezi kuusikia. Naangalia kisigino, katikati ya vidole, kingo za kucha. Nazikata kwa kunyoosha. Juzi alikuwa ameangalia pembeni, barabarani, wakati wote.

"Upo?" akauliza.

"Upo, Mzee. Mzima."

"Haya. Nipe soksi yangu."