Nimepata Sifuri

Miaka ya sabini, kabla mvi hazijaniingia, nilikuwa mwandishi wa programu katika ofisi moja ya mazao pale Iringa. Kompyuta yenyewe hatukuwa nayo. Ilikuwa Dar es Salaam, ndani ya chumba chenye baridi kushinda Iringa ya mwezi wa saba, na mimi nilikuwa nimeiona mara moja tu, wakati wa mafunzo. Sisi tulitoboa maagizo kwenye kadi, tukazipanga ndani ya katoni, tukazipakia kwenye basi, kisha tukakaa roho juu.

Basi likirudi lilileta bunda la karatasi pana zenye matundu pembeni. Programu yangu ilikuwa na vipande vingi, na kazi ya mashine ilikuwa kuviunganisha viwe kitu kimoja. Ikishindwa, ililalamika kurasa nzima kama mama mkwe aliyenyimwa chai. Ukisahau nukta moja kwenye kadi za mwanzo, makosa yalizaana mpaka ukurasa wa mwisho. Nikajifunza kutafuta kosa la kwanza, maana mengine yote yalikuwa wajukuu zake. Chini kabisa iliandikwa namba. Nane au kumi na mbili, umekwama. Sifuri, mambo ni sawa, na hapo huoni lalamiko hata moja. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu; hawakuijua mashine ile.

Mimi nilikuwa mtu wa kumi na mbili. Mkuu wangu akachoka, akaniambia nitume katoni kwa mara ya mwisho. Ikirudi na makosa, nifunge virago nirudi kwetu Mbeya, nafasi apewe mwingine. Nililia chooni, sioni haya kusema. Kazi ile niliipenda mno. Nikampelekea mama salamu aniombee.

Katoni ikarudi. Nilifunua karatasi nikianzia mwisho. Sifuri! Nilikimbia viatu mkononi hadi yanakolala malori, ambako jirani yetu wa Mbeya, dereva, alikuwa anamalizia chai yake aondoke.

"Kaka, mwambie mama nimepata sifuri!"

Akaweka kikombe chini. "Sifuri kabisa?"

"Kabisa! Sifuri tupu!"

"Pole sana, dada," alisema taratibu. "Nitamwambia vizuri, asishtuke."

Nikadhani ananipa pole ya kazi. Nikamshukuru, nikarudi ofisini naimba.

Siku chache baadaye nilitoka kazini nikamkuta mama mlangoni kwangu, kanga begani, mkungu wa ndizi miguuni, na mkononi kamba mpya ya katani.

"Ugonile, mwanangu," alinisalimu, akanikumbatia kabla sijaitikia. "Usilie. Nimekuja na kamba, tufunge godoro twende. Chumba chako nimeshakifagia. Umepata yai, sawa, lakini yai si ndiyo kuku wa kesho?"

Hapo ndipo nilipozinduka. Shuleni sifuri tuliiita yai, na aliyepata yai alizomewa mpaka kwao! Nilicheka hadi nikakaa chini. Nilipomweleza kwamba kwa mashine ile sifuri ndiyo kufaulu, alinitazama kwa mashaka.

"Basi aliyeitengeneza hakwenda shule," akasema, akaomba kisu amenye ndizi.

Wengi wamenipongeza tangu siku ile, na wengi wao nimewasahau. Mama hakuja kunipongeza. Alipanda basi kutwa nzima akiamini nimeshindwa, na hakubeba hata neno moja la lawama. Amekwisha kwenda zake, na mpaka leo ninamlilia.

Siku ile aliporudi Mbeya, aliniachia ile kamba. Nikawa nafungia katoni zangu za kadi. Zilikwenda Dar, zikarudi, na mara nyingi tu zilirudi na kumi na mbili. Lakini nilikuwa nafungua fundo taratibu, nikijua hata nikishindwa, Mbeya kuna chumba kimeshafagiwa.