Siku Nilipolaza Kinyago Kwenye Skana

Hapa Mnyambe bado kuna watu wakiniona wanafumba jicho moja na kucheka, na aibu hii niliitafuta mwenyewe.

Mjomba wangu anachonga mapiko, vinyago vya kuvaa kichwani siku vijana wakitoka jandoni, na mimi ndiye ninayeziweka kazi zake mtandaoni. Kinyago kipya mwanamke haruhusiwi kukiona kabla ya ngoma. Mjomba aliniambia wazi, "Mpwa wangu, piga picha humu humu. Kisitoke mpaka Jumamosi." Lakini mle kibandani ni giza, kila picha ilitoka pua tupu, na mimi subira sina (mke wangu ni shahidi), nikakumbuka skana ya Mama Salima pale Newala mjini, ambayo iliwahi kuskani cheti changu cha ndoa kikatoka safi kuliko ndoa yenyewe. Nikakitia kinyago kwenye kiroba, nikapanda bodaboda.

"Shikamoo, Mama Salima."

"Marahaba, Baba Hadija. Umeleta nini?"

"Cheti cha kuzaliwa."

"Cha nani, tembo?"

Nikamwomba niskani mwenyewe, eti ni siri ya familia. Nikakilaza kifudifudi, mfuniko ukagoma kufunga, nikaufunika kwa shati langu (ndiyo, nilibaki na singlendi mbele ya kina mama watatu waliokuja kutoa kopi), nikabonyeza. Nilichosahau ni kwamba kompyuta yake inatazama wateja. Ikatokea sura pana, mwanya, kipele kidevuni, midomo imebinuliwa kama ya mtu anayekataa kukopesha kalamu.

Mama Salima akajishika kidevu. "Huyu si mimi?"

"Ndiye wewe," wenzake wakajibu kwa pamoja.

Wallahi sikuwa nimeitambua! Nikakimbilia kufuta, nikabonyeza kitufe cha kuchapa, mashine ikaanza kutema kopi, moja, mbili, tano, kina mama wakagawana, simu zikatoka. Nilitaka kazi ya Mjomba isambae mtandaoni. Kabla bodaboda haijanifikisha nyumbani ilikuwa imeshasambaa.

Mjomba hakufoka, na bora angefoka. Alikigeuza kinyago mkononi, akasema taratibu, "Kikishajulikana hakichezi." Zilibaki siku nne, naye alikuwa amekichonga kwa wiki tatu. Niliumia kweli. Nikamkatia mti wa kinyago kingine, nikamnolea patasi, na kila jioni akaniambia, "Kaa hapo mbele yangu tuzungumze." Nikajua nimesamehewa.

Jumamosi ngoma zikalia, lipiko likatoka. Masikio mapana. Jino la mbele lililomeguka, kama langu. Jicho moja limefumbwa, na mkononi kibao chembamba mfano wa simu, ambacho mchezaji, naye amevaa singlendi, alikielekeza kwa kila mwanamke aliyempita. Mama Salima alicheka mpaka akakaa chini, na mke wangu, yule niliyemtegemea, alipiga vigelegele.

Tangu siku hiyo nimeapa, Mjomba akisema ngoja, nangoja. Kinyago kile ndicho kizuri kuliko vyote alivyochonga, na ndicho pekee ambacho sijakipiga picha. Hakuna haja, wote mnacho kwenye simu zenu.